Je, Wajua? Mlango Hugongwa, Hodi Hupigwa

Je, wajua kwamba ukishuka matatu pale Gede, barabara ya Mombasa–Malindi inapoachana na ile ya Watamu, utakuta watu kadhaa wanapiga na hakuna anayeumia? Makanga anapiga kelele kwamba nafasi imebaki moja (imebaki moja tangu asubuhi). Dereva wa tuktuk anapiga honi. Mama wa maembe anapiga hesabu ya chenji, na kijana aliyejilaza juu ya pikipiki yake anapiga miayo. Kitenzi kimoja, kazi nne, wala kofi halijasikika. Ukurasa wa leo ni wa kitenzi hicho.

Je, wajua kwamba Waingereza nao wana vitenzi vya namna hii, na wamevihesabu? Kamusi kubwa ya Oxford, katika toleo la pili la mwaka 1989, ilikipa kitenzi "set" maana 430. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba taji limehamia kwa "run", chenye maana 645. Mwanakamusi Peter Gilliver alikaa nacho miezi tisa akizipanga. Lakini tazama tofauti. Mwingereza hugeuza maana kwa kubandika vijineno nyuma ya kitenzi. Mswahili huleta jina: simu, pasi, kura, mbizi, chafya. Piga chenyewe hungoja tu kuambiwa ni kitu gani kinapigwa.

Kati ya kupigiwa simu na kupigwa ngumi kuna irabu moja, je, ulilitambua hilo? "Nipigie jioni" ni maagano. "Nipige jioni" ni ugomvi uliopangiwa saa. Mgeni anayeokota Kiswahili kwa vijana wa ufukweni Watamu hujifunza jambo hili mapema, kwa kuchekwa. Akishalishika, anakutana na "nipige picha", isiyo na ile i, na hiyo ndiyo sahihi. Akisema "nipigie picha" anaomba apigiwe picha ya kitu kingine, pengine boti au jua linapotua, na yeye mwenyewe asionekane ndani yake.

Je, wajua kwamba simu ilipigwa kabla haijaanza kusema? Neno hili asili yake ni Kiajemi, na huko ni waya. Kebo ya telegrafu iliyolazwa chini ya bahari ilifika Unguja mwaka 1879, na mwaka 1890 Mombasa ikaunganishwa na Unguja. Simu ya siku hizo haikuwa na sauti ya mtu. Karani aliketi mbele ya kitufe akakigonga, pigo refu, pigo fupi, mpaka ujumbe ukaisha. Kupiga simu kulikuwa kupiga kweli. Leo kidole kinateleza juu ya kioo, hakuna kinachogongwa, na kitenzi hakijali.

Majirani nao ni hivyo hivyo. Mganda husema "kuba essimu", na kuba ndiyo piga yao. Picha pia wanaikuba. Mwenye Lingala husema "kobeta singa", yaani kupiga waya. Mkongo wa Bukavu au Goma akihamia kwenye Kifaransa anakuta pigo limemtangulia huko: "coup de fil", pigo la waya.

Je, wajua kwamba Watamu kuna simu ambayo hupigwa kwa ajili ya kasa? Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, mvuvi ambaye wavu wake umemnasa kasa bila kukusudia huwapigia watu wa Local Ocean Conservation, shirika lililoanza mwaka 1997 kwa jina la Watamu Turtle Watch. Wakifika humpima gamba, humkagua vidonda na uvimbe, humtia kipande cha chuma chenye nambari kwenye pezi, kisha humwachia arudi majini. Aliye mgonjwa hupelekwa kwenye hospitali yao ya kasa. Kasa naye hana shukrani: akiwekwa mchangani hupiga mapezi kulia na kushoto, na aliyemsogelea hula mchanga.

Mlango hugongwa, lakini hodi hupigwa. Hodi ni sauti, mkono haumo. Ukienda kwa mtu Dabaso au Timboni unasimama uani, unapiga hodi kwa mdomo, unangoja "karibu", na mlango wenyewe pengine uko wazi tangu alfajiri. Hapo ndipo mipaka ya kitenzi hiki huanza kuonekana. Gari halimpigi mtu, humgonga. Nyoka huuma, mwiba huchoma. Radi ndiyo hupiga, na jua hupiga, hasa saa saba mchana pale ambapo mnazi wa karibu uko mbali. Kukohoa kuna kitenzi chake, kucheka kuna chake, kulia kadhalika. Lakini chafya na miayo ni lazima vipigwe. Mwulize mwalimu kwa nini, atakuambia fungueni ukurasa unaofuata.

Je, wajua kwamba Vasco da Gama alipofika Malindi, Aprili 1498, mwandishi wa safari yake alistaajabia wapiga pembe? Aliandika kwamba mfalme alikuja na wapiga tarumbeta wengi, na pamoja nao pembe mbili za ndovu zilizotiwa nakshi, kimo cha mtu mzima, zinazopulizwa kupitia tundu la ubavuni. Mwenye kuijua siwa ameshaitambua. Lamu wamehifadhi mbili hadi leo, ya shaba iliyokuwa ya Lamu yenyewe na ya pembe iliyotoka Pate. Kazi yote pale ni ya mdomo na mapafu, ila Mswahili husema siwa hupigwa, kama zinavyopigwa baragumu, zumari, filimbi na mluzi.

Kayamba hutikiswa. Hupigwa vilevile.

Chivoti cha Wamijikenda hupulizwa kwa ubavu. Hupigwa.

Zeze hukunwa kwa uta. Unajua jibu.

Ngoma ndiyo yenye mengi, maana hupigwa na huyu na kuchezwa na yule. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alizunguka vijiji vya Wagiriama akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na watu walipojaa akawaambia wasiwatoe vijana wao kuwa vibarua wa Waingereza. Viapo vikaliwa Kaya Fungo, kaya takatifu ya Wagiriama. Serikali ilimkamata pamoja na Wanje wa Mwadorikola, ikawapeleka Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari 1914 wakatoroka, wakarudi kwao. Agosti mwaka huo Waingereza waliipiga Kaya Fungo baruti. Simulizi za Pwani huongeza kwamba katika baraza moja Mekatilili alimpiga kofi afisa Arthur Champion, na msimulizi akifika hapo wasikilizaji hupiga makofi yao.

Je, wajua kwamba mapigo mengine tumeyakuta kwa wenzetu? Kwa Kiarabu "dharaba" ni kupiga, na Mwarabu hupiga mfano, hupiga hema, na hupiga ramli. Raml ni mchanga. Mpiga ramli wa asili alitia nukta na mistari mchangani akasoma yaliyo mbele ya mteja. Watamu mchanga si haba, mweupe na mlaini, ila wapiga ramli wa leo hujitangaza kwa vikaratasi vilivyogundishwa kwenye nguzo za stima, nambari ya simu chini. Utabiri bila mchanga ni sawa. Utabiri bila M-Pesa hapana.

Kiajemi kimezidi. Kupiga kwao ni "zadan". Akipiga muhuri Mwajemi husema "mohr zadan", akipiga rangi "rang zadan", akipiga mswaki "mesvak zadan". Muhuri na rangi tumevipata kwao; mswaki wao na sisi tumeupata kwa Waarabu. Mimi huona ni vigumu kuamini kwamba majina yalisafiri kwenye jahazi na vipigo vyake vikaachwa bandarini. Lakini Mganda, ambaye hakuwa na jahazi, naye anakuba kila kitu. Basi tuseme watu wawili walikuwa wanakwenda njia moja wakakutana.

Je, wajua kwamba kura ilikuwa bahati nasibu? Ndiyo maana yake katika Kiarabu: vijiti hutupwa, na kilichomwangukia mtu ndicho fungu lake. Mwaka 1988, katika mchujo wa chama cha KANU, Mkenya alitakiwa apige kura kwa kusimama kwenye mlolongo nyuma ya mtu wake, hadharani, jirani na chifu wakimwona. Hapakuwa na karatasi wala sanduku, hapakuwa na kilichopigwa, na bado iliitwa kura. Waliokuwamo watakuambia mlolongo mfupi uliweza kuushinda mrefu.

Mpiga debe hana debe. Lile debe lenyewe ni bati la mafuta ya taa, lita kama 18, lililotumika baadaye kuchotea maji, kupimia mahindi na, likiwa tupu, kugongwa ili watu wageuke. Mwanasiasa wa Kilifi leo anapigiwa debe kwa spika zilizofungwa juu ya gari. Tanzania mpiga debe yuko stendi, anaitia basi abiria. Vijana wanaolisema neno hili wengi wao hawajawahi kubeba debe kichwani, na shingo zao zinaonyesha.

Je, wajua chuku ni nini? Ni pembe ya mnyama iliyotobolewa nchani, ya kuumikia. Hubandikwa mgongoni, mwumikaji akaifyonza hewa, ngozi ikavimba na damu ikaja juu. Siku hizi apigaye chuku ni mwenye kuivimbisha habari. Kaa na wavuvi boti zikisharudi utaelewa: samaki aliyekata mshipi huongezeka kilo kila anaposimuliwa, hasa akiwa sulisuli.

Msasa nao ni mti. Majani yake yakikauka hukwaruza, na seremala wa zamani aliyasugulia mbao badala ya karatasi ya dukani. Leo hotuba hupigwa msasa, mtihani hupigwa msasa, timu ya taifa hupigwa msasa kila ikifungwa.

Dobi anapiga pasi. Kiungo wa kati anapiga pasi. Ya kwanza ikikosewa huunguza shati, ya pili huunguza kocha.

Mpiga Chapa wa Serikali hana fimbo. Anachapisha vitabu na gazeti rasmi.

Je, wajua kwamba Hifadhi ya Bahari ya Watamu ilitangazwa mwaka 1968, sambamba na ya Malindi, na kwamba hapo ndipo kupiga mbizi kulipogeuka kutoka kazi ya mvuvi kuwa starehe ya mgeni? Mvuvi aliizamia riziki: pweza, kamba, kome. Mgeni huzamia kutazama tu, akalipa kiingilio, na samaki wanamtazama yeye. Penye mdomo wa hori ya Mida kuna mapango ya tewa, samaki wazito wenye midomo mipana wanaokaa kivulini kama wazee wa baraza. Mzamiaji akiingiza kichwa, tewa hahami. Wahenga wa Pwani, ambao hawakuvaa miwani ya maji, walikwisha kuonya kwamba mpiga mbizi nchi kavu huchunua usowe. Methali hiyo ya kujua mahali pa kupiga imewafaa zaidi wanasiasa kuliko wazamiaji.

Ndani ya Mida, maji yakishatoka, kasia halina kazi. Hapo hupigwa upondo: mti mrefu unasimikwa kwenye tope, mtu anauegemea kwa uzito wake wote, mtumbwi unateleza kati ya mikoko, kisha anauchomoa, nao unatoka na mlio wa tope linalonyonya. Asiyeuzoea husahau kuuachia. Mtumbwi huenda, mti hubaki, naye huning'inia katikati akifikiria.

Bado tuko kwenye maji, lakini angalia: nanga hutiwa, tanga hutwekwa, dema hutegwa, mshipi hutupwa. Kitenzi kinachoonekana kufanya kila kitu Pwani hakikuruhusiwa kugusa mambo makubwa ya chombo. Manahodha walikuwa na maneno yao na hawakutaka msaada.

Je, wajua ni nani bingwa wa kupiga, wa kupiga kwelikweli, katika bahari yetu? Ni jamaa wa kamba, mwenye rangi za tausi na macho ambayo kila moja huzunguka kivyake. Wataalamu humwita Odontodactylus scyllarus, na makazi yake huanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki. Kifuani amekunja virungu viwili. Mwaka 2004 Sheila Patek na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walilipima pigo lake kwa kamera ya kasi wakapata hadi mita 23 kwa sekunde, na hiyo ni ndani ya maji, ambamo wewe na mimi ngumi zetu huchoka kabla ya kufika. Kasi hiyo huzua viputo ambavyo vikipasuka humtikisa tena konokono aliyekwisha kupigwa. Kirungu kimoja, vipigo viwili.

Na nchi kavu? Ingia msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba 420 hivi, mkubwa kuliko misitu yote ya namna yake iliyobaki katika pwani ya Afrika Mashariki. Humo yumo sange wa makalio ya dhahabu, mnyama mwenye pua ndefu na kiraka cha manjano nyuma, asiyepatikana popote duniani nje ya pwani hii ya Kenya. Akishtuka huupiga mkia kwenye majani makavu, pa, pa, pa, kisha akaondoka kwa kurukaruka. Ujumbe wake ni kwamba nimekuona, usijisumbue. Wanyama wachache wamepiga kelele yenye adabu kiasi hicho.

Nyangumi wa nundu hupita mbele ya Watamu kati ya Julai na Septemba, wametoka baridi ya kusini. Hupiga mikia juu ya maji, na watafiti huipiga picha hiyo mikia, kwa sababu weupe na weusi wa upande wake wa chini ni tofauti kwa kila nyangumi. Kitambulisho kiko mkiani.

Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017. Asubuhi yake duka la karibu lilikufungia sukari kwa gazeti.

Kwenye magofu ya Gede, mwanaakiolojia James Kirkman aliyeanza kuchimba mwaka 1948 alizipa nyumba majina ya vitu vilivyookotwa ndani: Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Mkasi. Mji huo sasa ni Urithi wa Dunia, tangu 2024. Uliachwa karne ya 17, mkasi ukabaki, na hakuna anayejua nguo ya mwisho kupigwa mkasi ilikuwa ya nani.

Je, wajua kwamba aliyepiga maji hakwenda kuogelea? Ukiambiwa Watamu kwamba fulani amepiga maji tangu saa nne, usimtafute ufukweni. Mtafute kivulini, mangweni, penye mnazi na mirija.

Waitaliano hawapigi. Wao wanafanya, kwa kitenzi chao "fare": wanafanya picha, wanafanya simu, baharini wanafanya kuoga. Wamezoeleka sehemu hizi tangu enzi za kituo cha San Marco, Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ambako mwaka 1967 setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa lililosimama baharini. Muuza vinyago wa Watamu, ambaye Kiitaliano chake hakina cheti wala darasa, huhama kutoka kupiga hadi kufanya katikati ya sentensi bila gia kulia. Akishakuuzia kinyago kwa bei mara tatu, wenzake watakuambia kwa Kiswahili kilicho wazi: umepigwa.

Kitenzi hiki hubadilika mpakani. Mkenya akifukuzwa kazi amepigwa kalamu. Mtanzania akikupiga mzinga anakuomba hela, na kule Dar es Salaam upigaji ni wizi wa mali ya umma, neno ambalo limekwisha kuingia bungeni. Kijana wa Nairobi anayekuja Watamu kula Krismasi huwa amepiga luku, viatu vyeupe juu ya mchanga. Na aliyepigika, huku na huko, ni mtu asiye na kitu mfukoni. Hakuna aliyemgusa, isipokuwa bei ya unga.